Cheti Kipya cha Ufundi: Mwajiri, Mwalimu na Fundi Mezani

Cheti cha ufundi stadi husimama juu ya nyaraka tatu. Ya kwanza hueleza kazi yenyewe: mwenye cheti anapaswa kuweza kufanya nini, kwa kiwango gani, na chini ya usimamizi wa nani. Ya pili ni mtaala, yaani njia ya kumfikisha mwanafunzi hapo. Ya tatu ni utaratibu wa upimaji, unaoamua nani amefika na nani bado. Kutunga cheti kipya ni kuziandika nyaraka hizo na kuhakikisha zinasemezana. Ugumu ni kwamba hakuna upande mmoja wenye maarifa ya kuziandika zote. Mwajiri anaijua kazi ilivyo leo na anajua kosa lipi humtia hasara, lakini ni nadra awe amefikiri asiyejua huanzia wapi kujifunza. Mwalimu anaijua njia hiyo, ila huenda mara ya mwisho alipofanya kazi nje ya chuo vifaa vilikuwa vingine. Maofisa wa serikali wanajua sheria, ngazi na bajeti. Fundi, ambaye ndiye mwenye kazi, mara nyingi haulizwi.

Kabla ya yote huulizwa kama cheti hicho kinahitajika. Umeme wa jua unafaa kuwa mfano kwa Afrika Mashariki, kwa sababu kazi hiyo ilikua haraka kuliko vyuo. Kwa miaka mingi sola zilifungwa na mafundi umeme wa majumbani, mafundi redio, na vijana waliojifunza kwa kutazama. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni za mifumo ya umeme wa jua zilizomtaka anayefunga mifumo hiyo awe na leseni, na leseni za mafundi zikagawanywa katika madaraja matatu: T1 kwa mifumo midogo ya nyumbani, T2 kwa mifumo ya kati yenye betri kadhaa na inveta, na T3 kwa mifumo mikubwa, ikiwamo inayoungwa na gridi. Hitaji la mafunzo, ambalo awali lilikuwa malalamiko ya wateja tu, likawa sharti la kisheria. Hiyo ni njia mojawapo ya cheti kuzaliwa. Njia nyingine ni teknolojia kuzichanganya kazi zilizokuwa mbalimbali. Ujerumani ilipoanzisha fani ya mekatroniki mwaka 1998, viwanda tayari vilikuwa na watu waliofanya kazi ya makanika na ya umeme kwa pamoja kwenye mashine moja, na kilichokosekana ni mafunzo yanayoitambua hali hiyo.

Hata hivyo si kila kazi mpya inastahili cheti kipya. Fundi umeme aliyeiva anaweza kuongezewa moduli ya sola kwa wiki chache akaimudu kazi ya nyumbani. Cheti kamili kina gharama ya mitaala, walimu, karakana na mitihani kwa miaka mingi, na kikiwa chembamba kupita kiasi humfunga kijana katika bidhaa ambayo soko linaweza kuiacha. Kikiwa kipana mno, kinajaribu kumfundisha mtu mmoja kufunga taa tatu kijijini na pia kufanya kazi katika mtambo kama ule wa Garissa wa megawati 50, kazi ambazo zinafanana kwa paneli tu. Upana wa cheti ndio uamuzi mzito kuliko yote yanayofuata, na kwa bahati mbaya hufanywa mapema, wakati taarifa ni chache, na mara nyingi na mfadhili wa mradi mwenye ratiba yake.

Baada ya hapo watu hukusanywa. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013, chombo cha kuandaa mitaala na kupima umahiri, TVET CDACC, hufanya kazi na kamati za ushauri za kila sekta, ambazo wajumbe wake hutoka kwenye tasnia husika. Nchini Tanzania, tangu mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, waajiri wana nafasi katika bodi na kamati zake, na Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) huitwa kusema kwa niaba yao. Karatasini uwakilishi upo. Ukiangalia nani hasa anakuja kikaoni, picha hubadilika. Kampuni kubwa humtuma ofisa rasilimali watu, ambaye hajawahi kushika bisibisi kazini. Anachojua ni kwamba vijana wa vyuo hawawahi kazini na hawajui kujieleza. Hayo ni kweli na yana umuhimu, lakini hayasaidii kuandika namna ya kupima mkondo wa betri.

Tatizo kubwa zaidi ni la wasioitwa. Takwimu za serikali ya Kenya huonyesha mwaka hadi mwaka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo iko katika jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Kwa hiyo mwajiri wa kawaida wa fundi sola si kampuni yenye idara ya mafunzo. Ni mwenye duka la vifaa vya umeme, au fundi mkuu mwenye vijana wawili na saidia fundi mmoja. Mtu huyu mara nyingi hana chama kinachoweza kumtuma kikaoni, hawezi kufunga kibanda siku tatu bila kupoteza wateja, na barua ya mwaliko haina anuani ya kumfikia. Cheti kinachotungwa bila yeye hueleza kazi kama inavyofanywa mahali penye magari ya kampuni, ngazi za kisasa na stoo ya spea. Kijana akitoka chuoni anakutana na mteja aliyekwisha kununua betri ya bei nafuu mwenyewe na anayetaka ifanye kazi. Kulipa fidia ya siku kwa mafundi wa aina hii, au kufanya kikao karibu na eneo lao la kazi, ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na makosa inayoyazuia.

Namna ya kuichambua kazi inayotumika sana ni ile iitwayo DACUM, iliyoanzia Kanada katika miaka ya 1960 na kukuzwa baadaye katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Msingi wake ni kwamba anayeieleza kazi vizuri kuliko wote ni anayeifanya vizuri. Watu kati ya wanane na kumi na wawili, mafundi hodari wenyewe wala si mabosi wao, hukaa siku mbili au tatu na mwezeshaji ambaye halazimiki kuijua kazi hiyo. Wanataja kwanza majukumu makuu, kisha shughuli zilizo ndani ya kila jukumu. Kila shughuli huandikwa kwenye kadi kwa kitenzi cha jambo linaloonekana: pima, kata, unga, kagua, eleza. Kitenzi kama "fahamu" hukataliwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mtu akifahamu. Kadi hubandikwa ukutani, huhamishwa, huunganishwa, nyingine hutupwa. Mwishoni ukuta unaonyesha kazi nzima, kwa kawaida majukumu kati ya sita na kumi na mawili, yenye shughuli zinazoweza kufika mia.

Thamani ya kikao cha namna hii iko katika mambo ambayo mafundi hawayataji mpaka wabanwe, kwa sababu yamekwisha kuwa mazoea. Fundi sola mzoefu akifika kwenye nyumba hutazama kwanza mwembe ulio upande wa magharibi na kukadiria kivuli chake kitaangukia wapi saa tisa alasiri. Hukagua mbao za paa kabla ya kupanda. Kabla ya kuondoka humwambia mwenye nyumba kwamba pasi haitachomekwa kwenye mfumo huu, na humwambia mbele ya familia nzima ili asiwepo wa kusema hakusikia. Vitabu vya fizikia ya umeme havina sura ya maongezi hayo, ingawa mifumo mingi hufa kwa kukosekana kwake. Mwezeshaji mzuri huyachokonoa kwa kumtaka fundi asimulie kazi yake ya mwisho hatua kwa hatua, pamoja na alipokosea.

Hata hivyo ukuta uliojaa kadi si mtaala. Hapa ndipo mwalimu anaposhika usukani, na ndipo mvutano halisi kati ya pande mbili unapojitokeza. Mwajiri hutaka mtu atakayeanza kuzalisha Jumatatu. Mwalimu anamtazama kijana wa miaka kumi na minane ambaye atafanya kazi miaka arobaini. Chukua suala la betri. Kikao kilichoketi miaka kumi na mitano iliyopita kingetumia muda mwingi kwenye betri za risasi na asidi: kuongeza maji yaliyosafishwa, kupima uzito wa asidi, kusafisha ncha zenye kutu. Leo betri za lithiamu zinashika nafasi hiyo, na hazitaki hata moja kati ya hayo. Aliyefundishwa hatua tu amebaki na ujuzi wa vifaa vinavyoondoka; aliyeelewa chaji, volti na sababu ya betri kuharibika ikishushwa mno alihitaji mafunzo mafupi tu. Kwa hiyo nadharia inayobaki katika mtaala inapaswa kuwa ile inayomsaidia fundi pale kifaa kinapobadilika au kinapokataa kufanya kama ilivyoandikwa. Waajiri wakiachiwa peke yao huifuta kwa kuiona ya darasani mno, na walimu wakiachiwa peke yao huijaza mpaka karakana inakosa saa.

Uingereza ilionja athari ya kuegemea upande mmoja. Mwaka 1986 ilianzisha vyeti vya NVQ, vilivyojengwa juu ya viwango vilivyoandikwa na vyombo vya waajiri wa kila tasnia. Nia ilikuwa kupima anachoweza mtu badala ya muda aliokaa darasani. Lakini kila kiwango kilipoonekana kuwa na utata kiliongezewa maelezo, na maelezo yakazaa maelezo, mpaka wapimaji wakawa wanajaza orodha ndefu za alama za vema. Profesa Alison Wolf alieleza katika miaka ya 1990 kwamba mbio hizo hazina mwisho, kwa sababu maandishi hayawezi kuondoa hitaji la busara ya mpimaji anayeijua kazi. Katika ripoti yake ya mwaka 2011 ya mapitio ya elimu ya ufundi ya nchi hiyo, aliona kwamba kati ya robo na theluthi ya vijana waliovuka miaka 16 walikuwa wakisomea vyeti vya ngazi ya chini ambavyo vingi havikuwa na thamani yoyote ya maana katika soko la ajira. Afrika Kusini nayo, baada ya sheria yake ya mfumo wa sifa ya mwaka 1995, iliandikisha maelfu ya viwango vidogovidogo kupitia kamati za wadau wa kila namna, na vingi havikuwahi kufundishwa popote. Wadau walikuwapo kwa wingi. Walichokosa ni wajibu wowote wa kuvitumia walivyoviandika.

Cheti kikishapata umbo, kinatafutiwa ngazi. Tanzania ina ngazi tatu za ufundi stadi, na juu yake ngazi za elimu ya ufundi zinazoanzia ya nne, zote sasa zikiwa chini ya baraza la taifa la elimu ya ufundi, NACTVET. Kenya ina ngazi kumi chini ya mamlaka yake ya sifa za elimu, KNQA. Wengi huliona hili kama suala la ukarani, na kwa kiasi fulani ni kweli, ila lina athari moja kubwa: ngazi ndiyo inayoamua mlango gani utafunguka baadaye. Kijana wa mkondo wa amali, ulioanza katika baadhi ya sekondari za Tanzania mwaka 2024, na mzazi wake, watauliza kama cheti hiki kinaweza kumfikisha kwenye ufundi sanifu na hata uhandisi, au kinaishia hapo. Ngazi ina maana zaidi inapofungamana na leseni. Kama mwenye cheti cha sola bado analazimika kufanya mtihani mwingine ili apewe leseni ya mdhibiti wa nishati, atajiuliza miaka miwili chuoni ilikuwa ya nini. Mdhibiti basi anapaswa kuwapo mezani tangu siku ya kwanza, si kupelekewa nakala mwishoni.

Upimaji ndio sehemu inayoonyesha kama mwajiri alimaanisha aliyosema. Mtihani wa maandishi ni rahisi kuendesha na hausemi mengi. Mtihani wa vitendo unataka paa la mfano, paneli, nyaya, vifaa vya kupimia, saa kadhaa kwa kila mtahiniwa, na mpimaji anayeheshimika. Kenya imejaribu pia mkoba wa ushahidi, yaani picha, ripoti na kazi alizozikusanya mwanafunzi kwa muda wote wa mafunzo. Hufaa pale msimamizi anapomjua mwanafunzi, na hugeuka mchezo wa kunakili pale darasa linapokuwa na watu sitini. Ujerumani ilichagua njia ya gharama zaidi: kamati za mitihani huundwa na wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi na walimu, wengi wao wakiwa watu wa kazi wanaojitolea muda wao. Mwajiri aliyemwona mtahiniwa akiunga nyaya kwa macho yake haulizi tena cheti hicho kina maana gani. Katika Afrika Mashariki mpimaji kutoka kazini hupatikana kwa shida, kwa kuwa posho ni ndogo na mwajiri hataki kumwachia fundi wake bora kwa wiki nzima.

Suala la mafunzo kazini linafanana na hilo. Nchini Ujerumani maandalizi ya fani mpya huzaa hati mbili zinazoandikwa sambamba, moja kwa ajili ya kampuni na nyingine kwa ajili ya shule, na taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi (BIBB) ndiyo inayowakutanisha waajiri na vyama vya wafanyakazi katika kuandika ya kampuni. Mwanagenzi hulipwa na kampuni. Kwa hiyo mwajiri anayependekeza jambo kikaoni anajua yeye ndiye atakayelifundisha na kuligharimia, na hilo humfanya apime maneno yake. Uingereza ilipoleta vyeti vya T Level mwaka 2020, iliwapa waajiri kazi ya kuandika maudhui, kisha ikaweka sharti kwamba kila mwanafunzi afanye kazi halisi kwa saa zisizopungua 315. Kuandika kulikuwa rahisi. Kupata nafasi hizo kwa kila mwanafunzi ndiko kulikovisumbua vyuo.

Tanzania na Kenya zina njia ya tatu, ya kodi na tozo. Mwajiri wa Tanzania Bara aliyefikia idadi ya wafanyakazi iliyowekwa na sheria hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo iliwahi kuwa asilimia 6 ya mishahara na imepunguzwa kwa awamu hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Ni theluthi moja tu ya tozo hiyo iliyotengwa kwa ufundi stadi, na waajiri wamelilalamikia hilo kwa miaka. Kenya hutoza shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri anayefundisha watu wake anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama. Athari ya mifumo hii kwa utungaji wa vyeti haisemwi sana: mwajiri aliyekwisha kulipa huona amemaliza wajibu wake. Kikaoni huja kama mteja anayedai bidhaa, si kama mshirika atakayempokea mwanagenzi. Mpango wa uanagenzi wa hoteli, ulioanzishwa Tanzania kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) pamoja na ATE, ulionyesha kwamba tabia hiyo hubadilika. Hoteli zilipompokea mwanagenzi kwa sehemu kubwa ya mafunzo yake, wakuu wa jiko na wa mapokezi walilazimika kuusoma mtaala, na maoni yao yakatoka kwenye kazi badala ya hisia.

Kabla ya cheti kuenea nchi nzima hujaribiwa katika vyuo vichache. Jaribio la kweli halifanywi katika chuo bora chenye karakana mpya ya mfadhili. Hufanywa katika chuo cha wilaya chenye paneli mbili na mwalimu mmoja wa umeme. Walimu watakaokifundisha nao wanahitaji kurudi kwenye kazi nje ya chuo kwa miezi kadhaa. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi cha Morogoro huwafundisha namna ya kufundisha, lakini hakiwezi kuwafundisha kila kifaa kinachoingia sokoni.

Linabaki kundi ambalo cheti kipya kinaweza kulidhuru bila kukusudia: mafundi walioifanya kazi hiyo kabla cheti hakijakuwapo. Leseni ikidai cheti, aliyefunga sola mia mbili anakuwa mvunja sheria mbele ya kijana aliyemaliza juzi. Kwa hiyo urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao VETA huuendesha kwa mafundi wa fani mbalimbali, unapaswa kutungwa pamoja na cheti chenyewe, ukitumia kiwango kilekile cha kazi. Fundi hupimwa, huonyeshwa mapengo yake, ambayo mara nyingi ni usalama na hesabu za mzigo wa umeme, hupewa mafunzo mafupi, kisha hupimwa tena. Lugha ya upimaji ni sehemu ya haki hiyo. Swali lililoandikwa kwa Kiingereza hupima Kiingereza kwanza, na fundi anayeweza kueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini fyuzi hukaa karibu na betri anaweza kuanguka kwa kutoelewa alichoulizwa.

Mwisho huja mapitio. Mitaala ya ufundi kwa kawaida hupangiwa kupitiwa kila baada ya miaka michache, ratiba inayotosha kwa uashi na isiyotosha kwa sola au simu. Suluhisho linalotekelezeka ni kuutenganisha mwili wa cheti na viambatisho vyake. Majukumu ya kazi, misingi ya usalama na nadharia hukaa katika hati iliyosajiliwa, ambayo kuibadilisha kunataka kikao kamili na idhini ya mamlaka. Orodha za vifaa, aina za betri na mifano ya kazi za mtihani huwekwa katika viambatisho ambavyo kamati ndogo ya mafundi, walimu na mdhibiti inaweza kuvisahihisha kila mwaka. Taarifa za kuiongoza kamati hiyo hutoka katika sehemu mbili: wapimaji, wanaoona watahiniwa wanaangukia wapi, na wahitimu wenyewe, wakifuatiliwa kwa simu mwaka mmoja na miaka mitatu baada ya kumaliza na kuulizwa wanafanya kazi gani, kwa nani, na ni jambo lipi walilazimika kufundishwa upya na fundi mkuu wiki ya kwanza.